Jino la Mbele na Swali Nililolificha

Jino langu la mbele lilikufa kwa ajali ya soda. Wageni walikuwa wamekuja, kifungulio hakionekani, nami, mtu mzima wa miaka hamsini na mbili mwenye cheti cha kidato cha nne, nikaona niwaonyeshe kwamba nyumba hii haishindwi na kizibo. Kizibo kilitoka kweli. Kilitoka na nusu ya jino. Mke wangu aliniangalia nimeshika mdomo, akaziangalia na chupa zilizobaki mezani, akauliza kwa upole, "Sasa hizi nyingine utazifungulia nini, baba?"

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani kwangu hapa Tabora, na sababu kubwa ya kuipenda kazi hii ni kwamba haina safari. Nikienda Kwihara, hapo nje kidogo ya mji, nahesabu nimesafiri, na nikichelewa kurudi naumwa kichwa. Kitu kimoja tu hunitoa nyumbani bila kusukumwa, nacho ni bendi ya tarumbeta ya kanisani. Sisi Wamoraviani alfajiri ya Pasaka huenda makaburini na matarumbeta, tukawapigie waliolala habari ya ufufuo kabla jua halijatoka. Baba yangu amelala hapo. Alikuwa akipiga sauti ya kwanza, na alipofariki nikaichukua mimi. Kila Pasaka nasimama hatua tano kutoka kichwani pake nikipiga nyimbo alizonifundisha, na sijawahi kukosa hata mwaka mmoja.

Asiyepiga tarumbeta hajui kwamba chombo kile hupigwa kwa meno. Mdomo wa juu huegemea meno ya mbele. Jino likikosekana, mdomo huzama pengoni na sauti hutoka kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Daktari wa meno wa hapa mjini aling'oa kipande kilichobaki, akanitengenezea jino la kuvaa na kuvua. Jumamosi ya kwanza ya mazoezi likanidondokea ulimini katikati ya ubeti wa pili, nikaendelea kupuliza huku likigongagonga ndani. Mwalimu wa bendi alisimamisha watu.

"Mzee mwenzangu," alisema, "leo umetuletea tarumbeta au kayamba?"

Yule daktari aliposikia akacheka, kisha akaniambia kuna jino la kupandikiza: skrubu ndogo inaingizwa kwenye mfupa wa taya, mfupa unaishika, halafu jino linafungwa juu yake. Halivuliwi, halidondoki. Mtaalamu anayemfahamu yuko Dodoma. Nikamuuliza kama hakuna wa karibu zaidi, Kwihara kwa mfano.

Nilipanda treni. Tulipofika Tura, bado mkoani mwetu, nilikuwa nimeshaulizia treni ya kurudi. Babu zetu walipita njia hii kwa miguu hadi pwani na pembe za ndovu mabegani. Mimi nilibeba begi la nguo na daftari, nikalalamikia kiti.

Daftari lilikuwa na maswali kumi na mawili. Kumi na moja yangu, moja la mke wangu. La kumi na tatu sikuliandika: je, nitapiga tena tarumbeta? Niliogopa kwamba nikiuliza nitajibiwa.

Mtaalamu alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa. Aliniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo, baba," nikaitikia marahaba. Akauliza natoka wapi. Nikasema Tabora.

"Mnyamwezi?"

"Wa kuzaliwa."

Akavua miwani, akanisalimu kwa Kigogo. "Mbukwenyi, mtani! Mimi Mgogo wa hapahapa. Wazee wako walipita kwetu wamenuna, leo umerudi huna jino!"

"Tungechekaje," nikamwambia, "na mlikuwa mnatutoza hata maji ya kunywa?"

Basi adabu yote ikaishia hapo. Mtu akiwa mtani wako anaweza kukucheka hata msibani kwako, na huyu alikuwa na sindano mkononi.

Nilifungua daftari. Je, inauma? "Binadamu tunampiga ganzi. Mnyamwezi tunamfunga kamba." Halafu, bila hata kuvuta pumzi, akanieleza kwa utulivu kwamba wakati wa kazi nisingesikia maumivu, ila siku mbili tatu baadaye ningevimba kidogo, na dawa ningepewa. Je, umri wangu umepita? Akasema mfupa hauulizi cheti cha kuzaliwa. Muhimu ni uwe wa kutosha, fizi ziwe nzima, na kama nina kisukari au navuta sigara niseme sasa, maana hivyo huchelewesha kidonda kupona. Itachukua muda gani? Miezi mitatu, pengine hadi sita, ndipo jino lenyewe lifungwe. Je, skrubu itashika kutu? "Hiyo ni titaniamu, haishiki kutu. Utashika wewe kwanza." Je, nitakula michembe, vile viazi vikavu vya kwetu? "Ukishapona, kula. Ila uiloweke kama watu wenye akili." Je, nikifa?

"Litabaki," alisema. "Usijali, sisi watani ndio tutakaokuzika. Tutaling'oa kabla sanduku halijafungwa."

Likaja swali la mke wangu. Alikuwa ameona kwenye simu kwamba palepale kliniki huwachoma watu sindano za kuondoa mikunjo ya paji la uso. Alitaka kujua: mtu akichomwa, anaweza bado kumkunjia mumewe uso? Daktari alicheka mpaka akaweka vyombo chini. Akasema dawa ile hulegeza misuli, uso unatulia kwa miezi mitatu minne, kisha mikunjo hurudi taratibu. "Lakini mke wa Mnyamwezi simshauri," akaongeza. "Ile mikunjo ni vifaa vyake vya kazi."

Skrubu iliingia. Nilisikia mtetemo kichwani kama cherehani linaloshona turubai, ila maumivu sikuyasikia. Wakati ananawa mikono akanipa masharti: "Usinywe kwa mrija. Mdomo huo wa juu usiukandamize na kitu. Na usipulize chochote, hata uji. Uji ukiwa wa moto nipigie simu, mtani wako nije nikupulizie."

Nyumbani mimi na mke wangu tulikaa na daftari kupambanua majibu. Penye kweli tuliandika K, penye utani tuliandika U. Kamba, U. Ganzi, K. Kung'olewa kabla ya maziko, mke wangu alitaka tuandike K. Tulipofika kwenye kupuliza, tulitazamana.

"Nani amewahi kukatazwa kupuliza uji?" nikasema.

"Na aje kukupulizia kutoka Dodoma?" akasema yeye. "Utani huo."

Tukaandika U. Nilifurahi kuliko inavyostahili. Moyoni nilijua mtu aliyekatazwa mrija hajakatazwa kwa mzaha, lakini Pasaka ilikuwa imebaki wiki nne.

Wiki ya tatu tangu skrubu iingie nilijifungia stoo, katikati ya magunia ya karanga, nikapuliza. Nilipiga mistari miwili. Wa tatu ukaja na ladha ya chumvi, na nilipoondoa tarumbeta, kwenye kipulizio palikuwa na damu, na taya likapiga kama ngoma.

Mke wangu alimpigia daktari simu, akaweka sauti ya juu, akanishikisha.

"Ehe, mtani," daktari alisema, "umevunja nini tena?"

"Kidonda kimetoa damu kidogo."

"Ulipuliza?"

"Uji," nikasema.

"Uji gani huo wa kutoa damu?"

Mke wangu akaninyang'anya simu. "Ni tarumbeta, daktari. Anapiga kanisani. Tuliandika kuwa ni utani."

Daktari akasema taratibu, "Baba."

Hakuniita mtani. Akaniuliza mambo mafupimafupi: damu imeacha? Skrubu ukiigusa inacheza? Akaniagiza nikapige picha ya eksirei hapahapa Tabora nimtumie. Akasema mfupa ndiyo kwanza unaanza kuishika ile skrubu, na ikilegea itabidi itolewe, tusubiri, na pengine tusipate mfupa wa kutosha kuanza upya.

Mchana ule sikushona kitu. Mke wangu alituma picha, tukakaa barazani tukiitazama simu kama wanaosubiri matokeo ya mtihani. Hakunikunjia uso hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Jua lilipoanza kuinama jibu likaja. Alilisoma kwa sauti: "Imeshika. Mwambieni Mnyamwezi ashukuru mifupa ya babu zake wabeba mizigo. Tarumbeta ifungiwe, ufunguo akae nao mama."

Pasaka ile nilikwenda makaburini mikono mitupu. Mwalimu wa bendi alipiga sauti ya kwanza mwenyewe, nami nikasimama na akina mama wa kwaya, hatua tano zilezile kutoka kwa baba, nikaimba. Sauti yangu ya kuimba si ya kusifiwa. Mama mmoja aligeuka akaniangalia kwa huruma, akidhani nalia. Sikumsahihisha, maana alikuwa amekosea kidogo tu.

Mwezi wa nane nikapanda tena treni kwenda kufungwa jino, mke wangu pembeni kama askari. Daktari alikuwa ametuagiza tuje na tarumbeta. Alilifunga jino, akaniambia nipulize palepale kwenye kiti chake. Sauti haikukaa. Akalifungua, akalisugua kidogo kwa mbele, akalirudisha. Nikapuliza. Akalifungua tena. Tulifanya hivyo mara nne au tano, na watu waliokuwa wakisubiri nje waliacha kuongea. Hakuharakisha hata mara moja, ingawa foleni yake niliiona, na yeye mwenyewe aliniambia hajui lolote kuhusu tarumbeta.

"Uliza mdomo wako," alisema. "Mimi nafuata utakachosema."

Mara ya mwisho aliliweka, akarudi nyuma, akakunja mikono. Mke wangu akasimama. Nikaanza wimbo wa Pasaka, katikati ya mwezi wa nane, mjini Dodoma, nimefungwa kitambaa cha plastiki shingoni. Ubeti mzima ulitoka. Mwisho wake sauti ilishuka kidogo, kama inavyoshuka kila nipigapo, kosa ambalo baba alinigombeza nalo mpaka akachoka. Nimelichukia kosa hilo maisha yangu yote. Siku ile nilipolisikia, nilijua ni mimi ninayepiga, nikamshukuru yule binti kwa Kiswahili, kwa Kinyamwezi, na kwa lile neno moja la Kigogo ninalolijua, ambalo ni salamu tu.