Mafundo ya Mama

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, niliamini kwamba mtu anaweza kuifunga mvua kama anavyofunga mzigo wa kuni. Sikuwa peke yangu. Kijiji kizima cha ujamaa tulichohamishiwa, bondeni kwa Mto Mavuji, kiliamini, hata mwenyekiti aliyechomeka kalamu mbili mfukoni.

Mwaka ule mvua za vuli hazikunyesha kabisa, na masika nayo yakachelewa. Mahindi yaliyoota kwa manyunyu yalikauka yakiwa chini ya goti. Mto ulibaki mchanga mtupu, tukawa tunaufukua kutafuta maji. Mama alikuwa ameanika makopa ya muhogo juani, basi watu wakaanza: kuna mtu kafunga mvua, makopa yake yakauke.

Siku moja tukifukua maji, jirani yetu Bi Zuhura aliniuliza akicheka, kwa utani wa bibi na mjukuu, "Somoe, mke mwenzangu, mama yako akimaliza kuswali hufanya nini?"

Nikajibu kwa majivuno, "Ana kamba yake ya mafundo. Haruhusu mtu kuigusa."

"Ehee! Ndiyo maana makopa yake meupe!"

Alasiri hiyohiyo wanakijiji wakajaa uani kwetu.

"Mama Somoe, toa hiyo kamba," mwenyekiti alisema. Mama alipoitoa, akauliza, "Mafundo ya nini haya?"

Mama aliwatazama wanaume wale, akainamisha kichwa. Nilikuja kuelewa nilipovunja ungo. Kila fundo lilikuwa siku ya Ramadhani ambayo hakufunga kwa sababu ya hedhi, na alikuwa akizilipa mojamoja. Angelisemaje hilo mbele ya wanaume? Wanawake waliosimama pale walijua. Nao wana siku zao za kulipa. Wakanyamaza.

"Fungua!"

Akayafungua yote, na hesabu yake na Mungu ikapotea.

Siku ya tatu mvua ikaanza asubuhi. Adhuhuri mto ulikuwa ndani ya nyumba zetu zilizopangwa mistari. Wazee walikuwa wamesema pale ni njia ya maji, wakaambiwa wanapinga maendeleo. Nilidhani sasa watamwacha mama.

"Kayafungua kwa mpigo mmoja, kwa hasira, atuzamishe!" Bi Zuhura alipiga kelele.

Tukafukuzwa. Tulihamia kwa mjomba, kijiji cha Mitwero, na darasa la tatu likawa mwisho wangu wa shule.

Sasa nina miaka kumi na saba. Nimeona vuli nyingine zikituruka, na masika ya mwezi mzima yakimwagika kwa siku mbili. Jua nalo linachoma kuliko wazee wanavyolikumbuka. Sijui ni nini kinachoigeuza mvua, sikusoma vya kutosha. Najua tu si mama. Mwenyekiti namchukia, lakini wale wanawake nawachukia zaidi, kwa sababu neno moja lao lingetosha.

Mama hajawahi kuniuliza ni nani aliyesema habari za kamba. Anajua. Akiniona nimekaa kimya, ananiita nikale.