Turubai Juu ya Paneli: Nilivyonunua Kontena la Sola Bujonde

Siku ya kwanza kazini Meneja alinionyesha meza, akanipa kalamu, akasema, "Dada, manunuzi hapa ni rahisi. Mimi nachagua, wewe unatia sahihi." Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, kozi fupi ya ugavi, na mtoto mgongoni. Nikasema sawa. Ninyi mnaoingia kazi hii sasa, msiseme sawa. Niliondoka ofisi ile kabla mwanangu hajamaliza kuota meno, kwa hiyo naruhusiwa kuongea kama mstaafu.

Kiwanda chetu cha Bujonde, wilayani Kyela, kilikoboa mpunga kwa vinu viwili. Umeme ulikuwa unakatika bila kuaga. Ukikatika mpunga ukiwa ndani ya kinu, mchele unatoka chenga, vipande vipande, na mwenye mpunga halaumu nguzo, anakulaumu wewe. Jenereta ilitafuna dizeli mpaka Mkurugenzi, mwenye kiwanda, anayekaa Mbeya, akasema basi, tununue kontena la sola.

Kontena la sola ni kontena lile lile mnaloliona kwenye malori, ila ndani limejaa betri pamoja na inveta, mashine inayougeuza umeme wa betri uwe wa kuendesha mota. Paneli hupangwa juu yake na pembeni. Linashushwa, linaungwa na vinu, kazi inaanza. Ukilinunua usianze na urembo wake. Anza na mzigo: mashine zako zote zikiwaka pamoja zinavuta umeme kiasi gani, na kwa saa ngapi. Mota ni kama mbeba gunia: kulinyanyua ndiko kugumu, kulibeba ni nafuu. Inveta isiyoweza huo mnyanyuo itazima kila ukiwasha kinu.

Hayo yote niliyapima na kumpa Muuzaji, kijana mpole kutoka Dar. Maswali ya jua yakajibiwa na Meneja.

Kontena likaja Oktoba. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu la kusingizia. Vinu vyote viwili vikaunguruma, watu wakapiga makofi, soda zikafunguliwa. Mkurugenzi alikuwa amekuja kuzindua. Meneja akanisukumia karatasi ya mapokezi. Ukishaitia sahihi hiyo, muuzaji anaondoka na kila kasoro inakuwa yako.

"Sitii," nikasema.

"Kwa nini tena?"

"Hili jua ni la Oktoba. Mpunga mpya unaingia Mei, mvua haijakatika. Wiki nzima hatuoni jua. Tutakoboa na nini?"

Akasogea karibu, akanong'ona. "Utatia sahihi, au utarudi kwenu Ngana ukalee vizuri."

Nilikuwa namlisha mtoto kwa kalamu ile. Lakini niliwajua wanawake waliokaa pale nje juu ya magunia yao. Ada ya shule ya watoto wao imo mle, na mpunga uliokaa kwenye unyevu ukisubiri kinu unaota. Nikapaza sauti Mkurugenzi asikie.

"Mzee, siwezi kukuletea Mei leo. Naweza kukuletea mawingu. Tufunike paneli kwa maturubai ya kuanikia mpunga, tukoboe mpaka saa za kufunga."

Muuzaji akacheka. Wanawake wakacheka zaidi. Mama Atupele, mteja wetu wa siku zote, akanyanyuka, akatusalimu kwa Kinyakyusa. "Mugonile nyote. Chukua langu, mwanangu. Lina matundu, lakini hata mawingu ya Kyela yana matundu."

"Ndaga fiijo, mama," nikamshukuru.

Mtoto nikamwachia yeye, nikapanda ngazi mwenyewe. Tulifunika paneli nyingi, tukaacha chache, kama siku ya mvua inavyokuwa. Vinu vikaendelea. Meneja akaanza kunitania: "Afisa Mawingu, shuka unywe soda!" Chakula cha mchana kilikuwa kinapakuliwa vinu viliponyamaza. Betri zimekwisha. Foleni bado ndefu.

Mkurugenzi akamgeukia Muuzaji. "Mwanangu, umeniuzia nini?"

"Nimeuza nilichoambiwa, mzee. Niliuliza kuhusu mvua. Meneja akasema mvua ya huku inanyesha usiku tu."

Meneja ni mtu wa Singida. Alihamia kwetu Julai, masika yetu alikuwa hajawahi kuyaona. Kutojua si kosa. Kujibu ndilo kosa, huku nje kumejaa watu waliozaliwa ndani ya mvua hiyo.

"Ongezeni betri na paneli," Mkurugenzi akasema. "Na huyu asitie sahihi mpaka aridhike."

Zikaongezwa. Nikafunika tena, vinu vikafika jioni. Nikaridhika, nikatia sahihi.

Mkataba wangu ulipoisha Meneja hakuuongeza. Alisema ofisi inahitaji mtu asiye na mtoto wa kunyonyesha. Naandika hivyo alivyosema, na hasira yangu haijapoa, wala siipepei ipoe. Ila kazi naijua. Sasa wafanyabiashara wa Njisi, kule mpakani, wananiita niwanunulie, na jambo la kwanza ninalowauliza ni mwezi wao mbaya. Mzuri kila muuzaji anaujua. Halafu ninyi mabinti, mtu akiwaambia mtoto mgongoni anazuia akili, muulizeni yeye mgongo wake mtupu umemsaidia nini.

Mei iliyofuata nilipeleka mpunga wangu pale. Mvua ya siku ya tano, anga jeusi, vinu vyote viwili vinakoboa. Meneja akaja na wageni, akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Dada! Umeliona kontena langu linavyopiga kazi?"

Foleni yote ikanigeukia. Mama Atupele akaziba mdomo kwa khanga.

"Nimeliona," nikamwambia. "Sasa sogea, Meneja, unaziba mlango. Watu wana mpunga."