Sima Husongwa Mwisho

Nakumbuka vizuri, mwanangu, siku waliyoshuka wageni kutoka Mwanda kuja kwetu Voi kuniposa. Mama alikuwa amelala, homa imemshika, kwa hiyo upishi wote ukawa wangu: mafiga nje, jiko la makaa ndani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Siku ile mwenyeji nusura azimie.

Sima nilikuwa naiweza kuliko wote nyumbani, basi nikaona nianze nayo. Maji yalipochemka nikashika mwiko. Maharagwe bado magumu, kuku bado ana manyoya! Hapo akaingia shangazi Wakesho, dada yake baba, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"We Mghoi! Hiyo sima unamsongea nani?"

"Wageni, shangazi. Si wamefika?"

"Ikipoa ikingoja mboga, watasema wamepewa kiporo. Na anayekuja kuposa akilishwa kiporo, anajua hatakiwi."

Nikauweka mwiko chini. Nilimpenda yule kijana, mwanangu, wacha nikwambie wazi.

Shangazi aliepua maji yangu, akachochea moto chini ya maharagwe, akamnyonyoa kuku upesi na kumbandika kwenye makaa. "Wapelekee chai na viazi vitamu," akasema. "Mgeni mwenye kikombe mkononi hana haraka." Unga ulibaki mfukoni, nami nikiutazama kwa uchungu. Maharagwe yalipolainika na kuku kukaribia kuiva, ndipo akanirudishia mwiko.

Vyote viliingia mezani vikifuka mvuke. Mama yake kijana alimega tonge, likamchoma, akapuliza vidole huku akicheka. "Nyumba hii ilikuwa inatungoja," akasema. Nilikimbilia nyuma ya jiko nikalia kwa furaha, na shangazi akanicheka bila huruma.

Wewe leo una gesi, na simu ya kukukumbusha saa, lakini jambo ni lile lile. Usianze na unachokiweza. Anza na kinachochelewa kuiva. Waone kwanza akilini wageni wako wakinawa mikono, kisha uhesabu kurudi nyuma chakula kwa chakula, na kinachopoa upesi ukipike mwisho. Ukiona umechelewa, usihangaike. Chai ipo.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe moto usiozimika na watu wa kuwapikia, nao wakufikie ukiwa umeketi.