Katoni Iliyorudishwa Fittja

Wakili wa kwanza wa Maya aliugua mgongo. Wa pili alikwenda likizo ya uzazi kabla hata hajaiona sura ya Maya. Wa tatu, kijana mrefu aitwaye Mikael, alipopiga simu kujitambulisha, Emérithe, bibi wa Maya, alimuuliza swali moja tu.

"Na wewe una afya?"

Mikael alicheka. Emérithe hakuwa akifanya mzaha.

Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, Mrundi aliyezaliwa Buyenzi, akapitia kambi za Kigoma kabla ya kufika Stockholm, na sasa alifanya kazi jikoni katika chekechea moja ya Vällingby. Aliishi peke yake Rissne, ghorofa ya nne, mpaka majira ya baridi yale mwalimu alipoona alama za mkanda mgongoni mwa mjukuu wake. Maya alikuwa na miaka tisa. Aliyempiga ni Valéry, baba yake wa kambo. Shule iliwapigia simu ustawi wa jamii, ustawi wa jamii wakawapigia polisi, na jioni ile ile mtoto akaletwa kwa bibi yake na begi la shule na viatu vya mazoezi, bila soksi hata moja.

Natacha, mama wa mtoto na binti wa kuzaa wa Emérithe, alibaki na mumewe.

"Alimrudi tu, mama," alisema kwenye simu. "Kwani wewe hukuturudi?"

Emérithe alikata simu, kwa sababu jibu alilokuwa nalo mdomoni halikumfaa mtu aliyetoka ibadani.

Alielezwa mapema kwamba mtoto ambaye mzazi wake yuko upande wa mtuhumiwa hupewa na mahakama wakili wake mwenyewe, wa kumsimamia badala ya mzazi, na serikali ndiyo inayomlipa. Alifurahi sana. Hakuelezwa mapema kwamba wakili huyo ni wa mtoto peke yake, na kwamba bibi hana lake. Kila alipopiga simu ofisini kwao, baada ya ule muziki wa kusubirisha ambao sasa aliweza kuuimba jikoni akimenya karoti, alipokelewa na karani mwenye sauti laini kama siagi.

"Samahani, mambo ya kesi ni siri ya mtoto. Wewe si mlezi wake kisheria."

"Nani anampikia?"

"Wewe."

"Akiamka analia, nani anaamka naye?"

"Wewe, naelewa kabisa."

"Basi niambie mahojiano ni lini."

"Tutamjulisha ofisa wa ustawi, naye atakujulisha."

"Ofisa yuko kwenye kozi!"

"Naelewa kabisa," ilisema siagi.

Katika siku hizo hizo za kusubiri ndipo wazee walipokuja. Walikuwa watatu kutoka kanisani Fittja, wakiongozwa na Mzee Onesphore, mtu mwenye koti refu na kikohozi cha heshima, ambaye alikuwa ameshatuliza ugomvi wa Warundi na Wakongomani wengi kuliko alivyoweza kuwakumbuka. Walisema wamekuja kumsalimu tu. Walikuja na katoni ya Fanta.

Emérithe alikuwa ametoka kazini, miguu imemvimba, na kwenye friji hakukuwa na cha kuwapa wageni ila maziwa. Akafanya alichofanya maisha yake yote mgeni anapoketi.

"Maya, lete glasi."

Maya akaleta glasi. Makopo yakafunguliwa. Mzee Onesphore mwenyewe akammiminia mtoto.

"Na wewe mjukuu wangu, kunywa. Wewe ndiye mwenye nyumba."

Wakazungumza juu ya theluji na kwaya na bei ya muhogo. Wakati wa kuondoka Mzee Onesphore akaomba dua, ndefu kama kawaida yake, na mahali fulani katikati akamshukuru Mungu kwa amani iliyorudi katika nyumba ya Valéry. Amina ilimtoka Emérithe kabla hajasikia imefungiwa nini ndani yake. Alipofumbua macho wageni walikuwa wanavaa viatu. Akaona hapana, yale ni maneno ya wazee tu, hapa kesi iko kwa polisi, soda itafanya nini? Akaitia katoni kwenye roshani na kwenda kulala.

Juma lililofuata Maya alipelekwa katika nyumba ya mahojiano ya watoto. Ni nyumba yenye kochi na picha za wanyama, ambamo polisi aliyesomea kuzungumza na watoto huuliza, kamera hurekodi, na wakili hufuata kwenye kioo cha chumba cha pili. Maneno ya pale ndiyo yanayochezwa mahakamani, ili mtoto asisimamishwe mbele ya watu. Mikael alikuwapo, mgongo mzima. Maya alisema jina lake. Alisema darasa lake. Alisimulia kwa urefu habari za sungura wa jirani. Alipoulizwa juu ya nyumbani, akasema kwa Kiswidi: "Hiyo imekwisha," akafunga mdomo.

Jioni Mikael akampigia Emérithe.

"Kuna mtu amemwambia kwamba kesi imekwisha?"

"Nani amwambie? Hapa mimi mwenyewe siambiwi kitu!"

"Anaweza kuhojiwa mara moja tena juma lijalo, akitaka mwenyewe. Asipozungumza, nadhani mwendesha mashtaka atalifunga faili. Na faili likifungwa, ustawi watalazimika kufikiria upya kama kuna sababu ya kumweka mbali na nyumbani."

Emérithe alikaa kwenye stuli ya jikoni. "Nitaongea naye."

"Hapana! Tafadhali. Usimwulize kilichotokea wala usimwambie aseme. Ukimtia neno moja mdomoni, wakili wa upande wa pili atalishika hilo hilo."

"Nisiulize. Nisiseme. Nisijue. Sasa unataka nifanye nini, Mikael?"

"Uwepo tu karibu naye."

"Nipo!" alipaza sauti hata jirani akagonga ukuta. "Tangu wamemleta nipo! Kuwepo nimeshamaliza!"

Alipoweka simu alitikisa kichwa mpaka kilemba kikalegea. Maya alikuwa mezani na hesabu zake, ameinama kuliko hesabu zilivyohitaji. Emérithe akaenda roshani, akarudi na kopo la Fanta lenye baridi, akaliweka mbele yake.

"Sitaki," alisema Maya kwa Kiswidi.

"Tangu lini hutaki Fanta? Unaumwa?"

"Si mlishakunywa nao?" Bado kwa Kiswidi, bado macho kwenye daftari. "Mimi ndiye nilileta glasi. Nami nilikunywa."

Emérithe alisimama pale. Mwaka uliopita, mtoto huyu alikuwa ukumbini kanisani wakati familia mbili zilizogombana juu ya mahari zilipokalishwa pamoja. Aliuliza kwa nini watu waliotukanana wanacheka sasa. Na nani aliyemjibu? Yeye, Emérithe, kwa sauti ya mwalimu: ukipokea kinywaji cha aliyekukosea na ukanywa, maneno yamekwisha, na kuyafufua ni aibu. Maya alisikia vizuri. Watu wazima ndio waliosahau.

Hakumwuliza kilichotokea. Hakumwambia aseme. Alichukua kopo, akalirudisha kwenye katoni, na kuvaa koti.

"Vaa viatu. Tunakwenda dukani."

Yalikuwa yamenywewa makopo matano. Duka la Rissne liliuza sita sita kwenye plastiki, na muuzaji hakukubali kuyatenganisha hata kwa kubembelezwa. Emérithe akanunua sita huku akilalamika, akajaza katoni mpaka ikawa kama ilivyokuja, akazungusha utepe wa gundi juu yake. Kopo moja likabaki nje.

Jumamosi wakasafiri kwenda Fittja, kwa Mzee Onesphore. Kigari cha sokoni kilivunjika gurudumu kituoni Rissne, kwa hiyo wakabeba, bibi upande huu na mjukuu upande ule, wakabadilisha treni katikati ya mji ambako lifti ilikuwa na kibandiko cha kuomba radhi. Kijana mmoja aliwapisha akisema wanakwenda kwenye sherehe, hongereni. "Hongera mwenyewe," alisema Emérithe kwa Kiswahili.

Mzee Onesphore alifungua mlango akiwa na kandambili. Aliiona katoni kwanza, kisha watu.

"Mama Natacha! Umenibebea soda kama mchukuzi?"

"Ni yako, mzee. Imetimia."

Uso wake ukabadilika. "Ingia tuongee."

"Nikiingia utanimiminia kitu."

"Sijawahi kuona kinywaji kilichonywewa kikirudishwa."

"Leo umekiona."

"Umekuwa Mswidi kweli kweli."

"Mswidi angekunywa zote, halafu akapeleka makopo matupu kwenye mashine ya dukani arudishiwe hela yake."

Mzee alitaka kucheka akajizuia. "Na ile Amina uliyoitikia?"

"Ile tumeshazungumza na Mungu mwenyewe. Hana neno."

Mzee Onesphore aliegemea mlango. Alipozungumza tena, sauti ya mahubiri ilikuwa imemtoka. "Mama Natacha, sikiliza. Valéry akifungwa, Natacha atabaki na nani? Kila siku tunasikia watoto wetu wanachukuliwa. Nilitaka jambo libaki ndani, basi. Naogopa."

"Mimi naogopa kuliko wewe. Natacha ni wangu." Emérithe alihema, ngazi zote walizopanda bado zikiwa magotini mwake. "Lakini, mzee, mlikuja kuomba msamaha kwangu. Mimi sikupigwa."

Mzee akamtazama Maya, aliyekuwa ameshikilia mlango wa ngazi kwa mgongo usijifunge. Mwisho aliinama, akaishika katoni kwa mikono miwili, akaivuta ndani ya kizingiti.

"Nimeipokea," alisema.

Kwenye treni ya kurudi Emérithe alivua kiatu kimoja bila kujali nani anatazama. Maya alifungua begi la bibi yake, akatoa lile kopo la sita.

"Hii ni ya nani?" Safari hii aliuliza kwa Kiswahili.

"Yangu. Nimeinunua mwenyewe, na yule muuzaji ana roho mbaya."

Maya akalifungua, akanywa, akampa bibi yake, naye akanywa. Vituo vikapita.

"Bibi. Mikael anafanya kazi Jumamosi?"

Maswali yalimjaa Emérithe mpaka kwenye meno, akayameza yote pamoja na Fanta.

"Hafanyi. Hawa hata Ijumaa hawafanyi vizuri."

"Piga."

Alipiga. Muziki ukaanza, ule ule, akaanza kuuimba kwa hasira. Kisha mashine ikasema ofisi imefungwa, acha ujumbe wako. Emérithe alikuwa amevuta pumzi ya kuiambia mashine anayofikiria juu yake, Maya alipomchukulia simu mkononi.

"Hej, Mikael," alisema kwa Kiswidi, akiwa amegeukia dirishani. "Ni mimi, Maya. Ile niliyosema imekwisha, haijakwisha. Nataka kurudi kwenye lile kochi. Nipigie mimi, lakini kwenye simu ya bibi." Akafikiri kidogo. "Na usiugue."