Vali Mbili, Mtungi Mmoja

Meneja aliziweka vali zote mbili juu ya meza ya karakana, akaniambia nichague. Ilikuwa Jumatano mchana, siku ya sita tangu mdogo wangu azame kwenye bwawa la kiwanda cha mbao, na mpaka saa ile hakuna aliyekuwa amemwona.

Mimi nilikuwa fundi bomba wa kiwanda kile, juu ya Lushoto, njia ya kwenda Malindi, ile ya kwetu milimani, si ya pwani. Nilishughulika na mabomba, pampu na vali, na sehemu kubwa ya maisha yangu ilipita katika kusaka mahali maji yanapovuja. Mdogo wangu alikuwa mtu wa magogo. Magogo yaliporomoshwa kutoka msituni mpaka bwawani, naye alisimama juu yake na mti mrefu mkononi, akiyasukuma moja moja kuelekea kwenye msumeno. Ijumaa ile gogo lilizunguka chini ya miguu yake. Wenzake walisema hakuita hata mara moja. Hakujua kuogelea, kwetu milimani nani anajua? Mimi mwenyewe nilijifunza kwa bahati tu, nilipokuwa kibarua Tanga.

Mwili haukuelea. Chini ya bwawa lile kulikuwa na magogo ya miaka mingi, yaliyolowa yakawa mazito yakazama, na wote tulijua amebanwa humo. Jumamosi na Jumapili nilihangaika na lango la kutolea maji. Nililipiga nyundo, nikalivuta kwa mnyororo, halikusogea. Watu walinitazama wakingoja nilie. Sikulia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi: unauona ni wako, unaufinya, hauna habari.

Shida haikuwa bwawa tu. Nyumbani kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa tangu Jumamosi, kwa kuwa kila mtu aliamini angepatikana siku hiyo hiyo. Kwetu kaburi likishachimbwa haliachwi wazi. Mtu asipopatikana, huzikwa shina la mgomba mahali pake, na likishafukiwa, basi, amezikwa; hatafutwi tena, wala hazikwi mara ya pili. Baba mkubwa, aliyekuwa mkuu wa ukoo baada ya baba yetu kufariki, alivumilia Jumatatu, akavumilia Jumanne, kisha akasema Alhamisi saa kumi alasiri mgomba utaingia. Mzee wa kanisa aliguna, lakini hakuzuia. Aliyekataa ni Mama. Alisema yeye alizaa mtu, hakuzaa ndizi, akaingia ndani akafunga mlango.

Kwa hiyo nilipoitwa karakana nilijua vizuri nachagua kwa ajili ya nini.

Meneja alikuwa Mzungu mwenye mapenzi ya ajabu na bahari. Kila alipopata likizo alikimbilia Tanga kuzama chini ya maji kutazama samaki, kuwatazama tu, bila kuvua hata mmoja, na sisi tulimcheka sana kwa hilo. Angezama mwenyewe, lakini sikio lake moja lilikuwa limetoboka na daktari alikuwa amempiga marufuku. Alikuwa na mtungi mmoja wa hewa, umejaa, na vali mbili za kupumulia. Yeye aliziita regyuleta. Alinieleza kwamba kazi ya vali hizo ni kuipunguza nguvu hewa ya mtungi, maana ikitoka kama ilivyo inaweza kukupasua mapafu, na kukupa pumzi pale tu unapoivuta.

"Wewe vuta, inafungua. Wewe acha, inafunga," alisema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Kama vali ya tangi."

"Ile ya boya, Bwana."

"Ndiyo. Hiyo hiyo."

Ya kwanza ilikuwa na mipira miwili minene yenye mikunjo, mmoja kila upande wa shingo, iliyokutana kwenye kopo la shaba linalokaa mgongoni. Ilikuwa nzito na imechakaa. Ya pili ilikuwa mpya: mpira mmoja mwembamba, na kikopo kidogo kinachokaa mdomoni. Alinionyesha namna ya kuchagua. Kwanza vuta mtungi ukiwa umefungwa. Ukipata hewa, kuna tundu mahali. Kisha fungua, vuta polepole, usikilize. Kunja mpira uone kama una nyufa. Uma kile kipande cha mdomoni mpaka ujue kama meno yatachoka. Upya wa kitu usikudanganye, alisema.

Nikaanza na ile ya mipira miwili. Ilikuwa ngumu. Ilibidi niivute kwa kifua chote, kama mtu anayenyonya uji mzito kwa mrija, ndipo itoe, na nikiacha ilinyamaza kabisa. Nilivuta mara nne, tano, nikachoka. Tangu Ijumaa nilikuwa sipumui sawasawa. Mara kwa mara nilijikuta nimesimama mahali, na kifua nacho kimesimama, mpaka mtu aniguse.

Kisha ile mpya. Kabla sijavuta, hewa ilikuwa imeshafika. Ilikuja yenyewe, ya baridi, ikajaza mashavu, na hata nilipoacha kuvuta iliendelea taratibu pembeni ya mdomo, ssss.

Fundi yeyote anaijua sauti ile. Mimi nimewahi kulala kifudifudi kwenye matope kutwa nzima nikiitafuta. Ni sauti ya vali isiyofunga. Meneja naye aliisikia, kwa sikio lake zima.

"Hiyo inavuja," alisema. "Chukua ya zamani. Ngumu, lakini inafunga."

"Nachukua hii, Bwana."

"Kwa nini?"

Nikamwambia inakaa vizuri mdomoni. Ilikuwa kweli, ila haikuwa sababu. Sababu ni kwamba haikunidai kitu. Kwa siku sita kila mtu alinitaka nifanye jambo: nile, nilie, nipokee wageni, nikiambiwa pole niseme nimeshapoa. Vali ile ilinipa pumzi bila kuniuliza kama naitaka. Nadhani meneja aliona haya kubishana na mfiwa. Akasema mtungi ungenitosha nusu saa, lakini kwa vali ile nisitegemee hata nusu ya hiyo, na hakuna mahali pa kuujaza karibu kuliko Tanga. Nikaitikia. Nilisikia kila neno, na hakuna hata moja lililoingia.

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa bado haujapanda kutoka bondeni nilipoingia majini. Watu walijipanga ukutani mwa bwawa, wanaume mbele. Baba mkubwa alikuwepo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia, akayaangalia maji.

Chini hakukuonekana kitu. Maji yalikuwa meusi ya majani yaliyooza, na baridi yake iliuma meno. Nilifuata kwa mkono kamba iliyofungwa ukutani, mkono wa pili una mtaimbo, na ile vali ikipuliza mdomoni bila kupumzika. Sikuogopa. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Hata woga ulikuwa umekufa ganzi pamoja na mengine. Nilipapasa gogo la kwanza, la pili, nikapitisha mkono chini ya la tatu, na pale nikashika mguu.

Nilijua ni wake kabla sijafika kwenye kidole gumba. Nikauvuta. Alikuwa amebanwa kiunoni. Jambo la kufanya lilikuwa wazi hata kwa mtu asiye fundi: kuondoa magogo kuanzia la juu, moja moja, bila papara. Lakini hewa ilikuwa imeanza kuwa nyembamba. Kila nilipovuta ilikuja kidogo kuliko mara iliyotangulia. Basi nikafanya papara. Nikachomeka mtaimbo chini ya gogo lile la tatu nikaliinua kwa nguvu zote, mkono wa kushoto umeshika mguu, na rundo zima likasogea. Likajikalia upya, zito. Mguu ukanitoka mkononi, ukaenda ndani nisikoweza kufika. Vali ikanyamaza.

Nikapanda juu.

Nilipomweleza meneja, alikataa kuupeleka mtungi Tanga ukajazwe tena. Alisema rundo limelegea na yeye hatazamisha mtu wa pili. Alikuwa na haki. Baba mkubwa alisikiliza yote, akauliza swali moja tu, kama kuna njia nyingine. Nikasema hakuna. Akaondoka kwenda kuukata mgomba.

Habari ya vali sikumwambia yeye wala mtu yeyote. Ningechukua ile ngumu ningekuwa na dakika nyingine za kutosha, na ningemtoa. Hilo nimelijua tangu nikiwa bado majini, na sijapata siku ya kulisahau.

Saa kumi watu walikuwa wamekusanyika uani. Shina lilikuwa limelazwa chini kando ya kaburi, limechongwa kimo cha mtu, linatoa maji. Mlango wa Mama ukafunguliwa. Hakumtazama baba mkubwa wala shina. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Ulimwona?"

"Hakuonekani kitu kule, Mama. Nilimshika."

"Wapi?"

"Mguuni."

"Ulikuwaje?"

"Wa baridi, Mama."

Akarudi ndani. Watu walidhani amekataa tena, na baba mkubwa akaanza kujikohoza. Lakini alitoka na blanketi la mdogo wangu, lile alilokuwa akijifunika kila siku, akapiga magoti kwenye matope, akaanza kulizungushia shina, akilichomeka pande zote kama anavyofunikwa mtoto. Alipofika mwisho, kipande kilibaki wazi. Akanitazama.

"Njoo ushike huku miguuni," aliniambia.

Nikaenda nikashika. Ndipo nilipolia, kwa sauti, mbele za watu wote, na sikuachia mpaka baba mkubwa alipokuja kunibandua kidole kimoja kimoja.