Mkono Usiotetemeka

Mimi ni mtoto wa mjini, mtaa wa Murara. Maziwa nimeyajulia kwenye bidoni, dumu la plastiki la njano, na ng'ombe nilikuwa nikimpisha njiani tu. Naanzia hapo kwa sababu ujinga huo ndio uliomponza mzee yule.

Alifika kwenye karakana yetu ya viungo bandia akitokea vijijini Masisi. Bomu lilikuwa limemkata mkono wa kulia chini ya kiwiko, na wa kushoto likamwachia vidole viwili. Alikimbia na mkewe na ng'ombe mmoja mwenye mimba, wakapokewa na dada yake mjane kule mtaa wa Keshero. Hakuuliza mkono mpya utafananaje; aliniita Papa kwa heshima, akauliza jambo moja tu.

"Papa, hii mukono itaweza kukamua ng'ombe?"

"Itajifunza, muzee," nikajibu, nikijiamini kama kawaida yangu.

"Basi ni muzuri. Kwetu mwanamuke hakamuake, ni mwiko. Kama si mimi, ni nani?"

Mkono wenyewe tuliletewa na wataalamu wageni kwa majaribio. Ulikuwa na akili bandia: ulihisi misuli inavyokaza chini ya ngozi, ukajifunza aliyeuvaa anataka nini. Asubuhi kadhaa nilikaa naye, tableti mapajani. Nikisema "shika", anakaza. Nikisema "achia", analegeza. Nami naweka alama, sawa au kosa.

Misuli yake haikutulia. Nikisema shika, inakaza, inalegea, inakaza tena, haraka haraka. "Usitetemeke, muzee," nikamwambia, nikaweka kosa. Kosa, kosa, kosa. Alinitii, maana fundi nilikuwa mimi. Mwishowe akatulia, jasho likimtoka, nikampongeza.

Siku ya kuujaribu tulikwenda Keshero, ng'ombe akiwa amezaa juzi na ndama amekufa. Mzee alichuchumaa, akabana kopo katikati ya magoti, akaufikisha mkono kwenye chuchu ya ng'ombe. Vidole vikafunga, vikabaki vimefunga. Ng'ombe akarusha teke, kopo likabiringika. Mzee hakunikasirikia. Alinyanyua vile vidole viwili, akanionyesha hewani jinsi inavyofanywa: kaza, legeza, kaza, legeza. Niliitambua mara moja mbinu hiyo. Ndiyo niliyokuwa nikiiita kutetemeka, na mkono ulikuwa umejifunza kuipuuza. Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama mkewe.

Nilitaka kuufundisha upya. Lakini kufuta mafunzo ya kwanza kulihitaji kompyuta ya wageni, na wageni walikuwa wameondoka mapigano yalipokaribia mji. Niliwaandikia, mtandao ulikuja ukakatika, jibu halikuja. Tableti ikaniomba neno la siri ambalo sikuwahi kupewa. Nikajaribu kukamua mwenyewe, nikala teke. Wanaume wa jirani walikuwa watu wa mjini kama mimi. Sikuwa na la kufanya, na kiwele kilikuwa kinavimba.

Siku mbili baadaye nilirudi. Kando ya uzio kulikuwa na kitenge kimetandazwa kama pazia, ncha moja imefungwa kwenye mti. Nyuma yake nilisikia maziwa yakigonga kopo. Mkewe alikuwa amechuchumaa huko, akikamua. Mzee alisimama mbele, amempa mgongo, macho barabarani, akiwazuia wapita njia wasimwone.

"Papa," akasema polepole, "usiambie mutu."

Nikamwambia sitasema. Ncha ya pili ya kitenge ilikuwa kwenye mkono nilioufundisha. Uliishika vizuri, haukutetemeka hata kidogo.