Utani Uliofika Kwa Sadala

Aikaeli Elisaria alizaliwa Machame, akakulia kwenye kihamba cha migomba na kahawa, na ukubwani riziki yake ikaja kutoka kwenye kazi ambayo mama yake hakuwahi kuielewa: kuifundisha mashine kuongea. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, jirani na soko la Mbuyuni mjini Moshi. Wenzake walitengeneza programu iliyoitwa Kagua, ambayo madevelopa, yaani waandishi wa programu, huitumia kusaka makosa kwenye kazi zao kabla mteja hajayakuta. Yeye aliitangaza mitandaoni. Posti hakuziandika mwenyewe. Aliiambia akili mnemba anachotaka, ikaandika, akaikosoa, ikaandika tena, mpaka isikike kama mtu anayepiga stori na rafiki yake.

Mwanzoni mashine iliandika kama mgeni rasmi anayezindua zahanati. "Tunayo furaha kubwa kuwatangazia wadau wetu wote." Aikaeli akaijibu, "Hapa hakuna wadau. Yupo developa mmoja kachoka, kalala na simu mkononi, programu yake imegoma. Ongea naye. Sentensi fupi. Mtanie kidogo, usimuuzie kitu." Akiwa Bomang'ombe anasubiri gari la kwenda kwao, alikaa karibu na kijiwe cha bodaboda akisikiliza vijana wanavyochambana, kisha akaipa mashine yale maneno kama mfano. Taratibu ikashika. Watu wakaanza kucheka na kusambaza, na bosi wao, Efraimu, akaacha kumuuliza kazi yake hasa ni nini.

Lakini mwaka huo wilaya ya Hai ilikuwa imechafuka. Pikipiki ziliibwa mfululizo, kisha wezi wakaanza kuua. Dereva mmoja kijana alikodiwa na abiria, akakutwa asubuhi kwenye mfereji wa kumwagilia mashamba, koo limechanwa na pikipiki haipo. Alikuwa mdogo wake Eliakim, mwenyekiti wa bodaboda wa mji mdogo wa Kwa Sadala. Siku ya mazishi Eliakim hakulia. Alisimama kaburini mikono mfukoni, na wenzake wakaapa mbele yake kwamba mwizi atakayefuata hatafika kituo cha polisi.

Aikaeli alizisikia habari hizo kama kila mtu, akasikitika, akaendelea na kazi.

Efraimu alitaka posti itakayotikisa. Aikaeli akachukua picha ya Primus, fundi mkuu wa Kagua, kijana mpole wa Kibosho anayecheka kwa mabega, akaiambia mashine imtanie. Mashine ikaleta: "Mwizi kapatikana. Anaitwa Primus. Ukimwona mtaani usimwache. Anaiba makosa yako yote kabla mteja hajayaona." Chini yake ikaongeza angalizo: picha ya mtu halisi pamoja na neno mwizi vinaweza kueleweka vibaya ikiwa sentensi ya mwisho itakatwa. Aikaeli akaandika, "Acha uoga, ni utani. Ondoa angalizo." Ikaondoa. Akamwonyesha Primus, na mabega yakatikisika.

"Mama akiiona atanipeleka kwa padri," alisema. "Weka."

Kwenye mtandao watu walicheka. Halafu kuna mtu, hawakujua ni nani, aliikata ile sentensi ya mwisho akairusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Ikabaki picha, jina, na maneno usimwache.

Siku chache baadaye, siku ya soko, Aikaeli na Primus walikwenda Kwa Sadala kwa mteja wao, mwenye duka la pembejeo. Primus alimaliza kurekebisha kompyuta ya dukani, akatoka kununua maji. Aikaeli alibaki ndani akipiga picha za rafu. Alisikia mtu akiita jina la Primus kwa sauti ya kuuliza, na Primus akiitikia vizuri tu, "Naam, ndiye mimi." Kisha akasikia kishindo, kama gunia la mahindi limeangushwa.

Alipofika mlangoni Primus alikuwa chini. Kijana mmoja alikuwa amemkanyaga shingo, mwingine akimpiga miguuni kwa mnyororo wa pikipiki. Watu walitoka kila upande wa soko wakikimbia, na wengi hawakujua wanakimbilia nini. Mwenye duka akavuta mlango wake wa chuma. Neno mwizi lilipita juu ya vichwa, na kila aliyelipokea aliinama kutafuta jiwe.

"Ni utani," Aikaeli alipiga kelele. "Ile posti ni utani, niliiandika mimi."

Hakuna aliyemsikia. Primus alijaribu kuinuka kwa mikono, mtu akashusha nondo kwenye vidole vyake. Aikaeli aliona vidole vikipinda pasipotakiwa kupinda. Tofali likampata Primus usoni, taya likahama upande, na jicho la kushoto likajaa damu mpaka likapotea. Kilichomtisha Aikaeli kuliko vyote ni kwamba Primus hakuwa analia. Alikuwa anajaribu kueleza. Midomo yake ilicheza, povu jekundu likitoka, kama mtu anayemfafanulia mteja jambo.

Aliingia kwa kichwa. Kiwiko kikampasua shavu, fimbo ikamshukia mkononi na akasikia mfupa wake mwenyewe ukilia. Aling'ata mkono wa mtu, hakujua wa nani, mpaka ukaachia. Akamfikia Primus, akamlalia mwili mzima. Mapigo yaliendelea mgongoni mwake.

"Mtoeni huyo demu."

"Ni mwenzake. Wapigwe wote."

Ndipo ikaja harufu ya petroli. Mtu alikuwa anaviringisha tairi kuukuu kutoka kwa fundi wa pancha, na umati ukampisha kwa adabu, kama unavyopisha jeneza. Nyuma ya tairi alikuja Eliakim na chupa ya maji ya kunywa iliyojaa petroli. Aikaeli alimfahamu kwa sura, kutoka kwenye picha za msiba zilizosambaa. Kiswahili chake hakikuwa kimesaidia chochote, basi akaanza kulia kwa Kimachame, lugha ya nyumbani, akitaja jina la baba yake, la babu yake na la kijiji chao, akiwaita wanawake wa sokoni waje wamwone anavyochomwa.

Mwanamke wa kwanza kuinuka alikuwa Winfrida, muuza ndizi, mtu mzima mwenye miguu iliyovimba. Alikuja bila haraka, akisukuma vijana kwa kiganja. Wenzake wakamfuata, kanga zimefungwa viunoni. Winfrida akaketi chini, pale pale kwenye damu, kati ya tairi na Aikaeli.

"Tupishe, mama," Eliakim alisema.

"Nimwagie mimi kwanza."

"Mama, huyu ni mwizi. Kamuua mdogo wangu."

"Mdogo wako nilimbeba mgongoni mama yenu alipokuwa hospitali. Nimwagie mimi kwanza, halafu ukamwambie mama yenu."

Eliakim hakumwagia. Hakuishusha chupa pia. Wanawake wengine wakaketi, mmoja baada ya mwingine, mpaka Primus akawa amezungukwa na migongo yao. Aikaeli, kwa mkono uliobaki mzima, alitoa simu, akaifuta damu kwenye kioo kwa sketi yake, akamnyooshea Eliakim ile posti nzima.

"Soma mpaka mwisho."

Eliakim alisoma. Alirudia, midomo ikicheza. "Makosa gani?" akauliza. "Makosa gani anaiba?"

"Ya kompyuta. Anatengeneza kompyuta."

Akabaki anamtazama Primus. Kisha akaweka chupa chini, akaketi kando ya tairi. Wale wenye mawe walianza kuyaachia kimya kimya, wengine wakarudi kwenye vibanda vyao kupima maharage. Gari la polisi lilipofika, mtaani palikuwa na wanawake, tairi na Eliakim, ambaye hakukimbia.

Primus aliishi. Taya lake lilifungwa kwa waya, jicho la kushoto likatolewa, vidole vya mkono wa kulia vikaungwa lakini havikukunjika tena. Akiwa kwenye benchi la hospitali, mkono umening'inizwa shingoni, Aikaeli aliifuta ile posti na kuandika nyingine. Hiyo hakuiachia mashine. Aliandika kwa kidole kimoja: "Primus si mwizi. Ni fundi wa programu. Maneno yale niliyaagiza mimi na nilionywa." Watu waliosambaza hiyo walikuwa wachache sana.

Mama yake Primus, Mektrida, aliishi Kibosho, juu kabisa kwenye migomba. Aikaeli alikwenda kwake akiwa na jani la isale, ambalo Wachagga hulipeleka kwa mtu waliyemkosea, na ambalo si rahisi kulikataa. Mektrida alikuwa anamkatia ng'ombe majani kwa panga.

"Shikamoo, mama."

Mektrida aliendelea kukata majani. Alimsikiliza mwanzo mpaka mwisho, panga likiwa mkononi. Kisha akaliweka chini, akajifuta viganja, na kumpiga kofi kwenye shavu lile lile lenye nyuzi za hospitali. Damu ikatoka. Akampiga la pili.

"Una kichwa kizuri, si ndiyo? Mwanangu aliniambia. Aika ana kichwa, anaitawala ile mashine." Sauti yake haikupanda. "Jina la mwanangu lilibatizwa. Wewe umelitia kwenye kinywa cha kila mlevi."

Aikaeli alisimama tu, isale mkononi, damu ikimdondokea kifuani. Hakujikinga, na hakuomba msamaha mara ya pili. Ng'ombe akalia kudai majani yake. Mwishowe Mektrida akachukua lile jani, akalichomeka kwenye ukuta wa zizi, akarudi na beseni la maji na kitambaa.

"Kaa nikufute. Ukitoka hapo unaingia chumbani kwa Primus, unamlisha uji. Mimi mikono inanitetemeka, nammwagia."

Tangu siku hiyo Aikaeli alipanda Kibosho kila alipopata nafasi. Eliakim na wenzake wawili walifungwa. Wengine hawakutajwa na mtu, na bado wanabeba abiria. Efraimu hakumfukuza Aikaeli, ila alimwambia hataki tena utani kabisa, aandike kwa heshima. Ni Primus aliyekataa. Kwa sauti iliyopita kwenye meno yasiyofunguka alisema Kagua ni kazi yake, na haitatangazwa kama tangazo la kifo.

Kwa hiyo waliziandika pamoja, kwenye meza ya sebuleni kwa Mektrida. Aikaeli aliipa mashine maagizo mapya: utani uwe juu ya kazi, kamwe usiwe juu ya mtu, na kila sentensi iweze kusimama hata zikikatwa nyingine zote. Ilipoonya, alisoma onyo mpaka mwisho. Primus alisikiliza rasimu akiwa amefumba jicho. "Hapo imekuwa kama mwalimu wa zamu," alisema. "Ilegeze." Akailegeza.

Alasiri moja walikuwa katikati ya posti kuhusu toleo jipya wakati vijana walipopita barabarani wakimkimbiza mbuzi aliyekata kamba. "Mkamate," mmoja alipaza sauti. "Huyo, huyo, mkamate."

Kiti kikaanguka. Primus alikuwa chini ya meza, magoti kifuani, mikono imefunika kichwa, suruali imelowa. Mektrida alitoka jikoni, akatazama, akaenda nje kumfukuzia mbali yule mbuzi na wenye mbuzi. Aikaeli hakumvuta Primus. Alijua kumgusa kungemwongezea hofu. Alishusha kompyuta, akaingia naye chini ya meza, akakaa akiwa ameegemea mguu wa meza, na akasubiri. Baada ya muda mrefu pumzi za Primus zikatulia kidogo.

"Tulifika wapi?" aliuliza, bado amejifunika.

"Kwenye sentensi ya pili."

"Isome."

Akaisoma kwa sauti ndogo, kule kule chini.